Ukuta Uliougeuzia Mlima Kisogo

Jumamosi, katikati ya Julai. Baridi na manyunyu tangu asubuhi. Mlima haujaonekana toka Jumatano.

Nimevaa sweta mbili, ya shule na ile ya Mama, na bado sijapata joto. Nimeanza ukurasa huu mara nne na mara nne nimefuta, kwa sababu kila mara najikuta naeleza mvua. Mvua haina kosa lolote. Ngoja niseme jambo lenyewe.

Kuna nyumba huku kwetu iliyopata tuzo ya usanifu nje ya nchi. Watu wanaipiga picha na kuisifu kwa Kiingereza kizito. Ilijengwa kinyume na ramani, na aliyekosea ni mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na moja.

Kama umepita kwenye blogu hii kwa mara ya kwanza (sidhani, wasomaji wangu nawajua, ni watatu, na mmoja ni mimi mwenyewe nikitafuta makosa), mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne, nakaa Moshono, na baba yangu ni mwashi wa mawe. Si wa tofali. Anachonga mawe meusi ya huku kwetu kwa nyundo na tindo mpaka yakae pamoja kama yamezaliwa pamoja. Zamani alijenga majumba makubwa. Miaka hii mitano anajenga mashimo ya vyoo, misingi ya uzio, na vibanda vya kuku huko Olasiti. Nilikuwa nikijua sababu ni mgongo wake.

Nilikuwa nikijua. Leo sijui tena ni mambo mangapi ninayoyajua kwa namna hiyo.

Mjomba Zakaria, kaka yake Mama, ni dalali wa nyumba na viwanja. Ofisi yake iko Njiro, chumba kimoja kando ya duka la vifaa vya umeme. Tangu likizo ya Juni nakwenda Jumamosi kumwandikia matangazo. Anasema madalali wenzake wote wanaandika "nyumba kali, wahi," mpaka wateja wamechoka kuwahi. Mimi kazi hiyo naipenda kwa sababu hainilazimu kuongea na mtu. Mteja akiingia, najifanya naandika hata kama nilimaliza zamani.

Leo nimefika, nimemwamkia, akaitika bila kuinua macho kwenye simu.

"Profesa, kaa chini. Leo nina mzigo."

Ndivyo anavyoniita. Akanigeuzia kompyuta.

"Nyumba ya tuzo. Tuzo ya dunia hiyo, siyo hizi za kununua cheti hotelini. Iko juu ya kwenu pale, ukipanda kuelekea mlimani. Mwenyewe amefariki, watoto wake wako Ulaya, wanauza. Nataka Kiswahili cha kumtoa mtu chozi na pochi kwa pamoja."

Nyumba ile naijua kwa nje, kama kila mtu wa kwetu: geti jeusi, miti ya grevilea, na pembe moja ya paa inayochungulia juu ya uzio. Nilijua pia kwamba Baba aliwahi kufanya kazi pale. Ndani sikuwahi kupaona.

Nimeangalia picha ya kwanza nikasahau kupumua.

Sebule ndefu, imejitenga peke yake na vyumba vingine. Paa la zege jembamba kama karatasi iliyowekwa juu ya vitabu viwili. Upande mmoja ni kioo kitupu, kuanzia sakafuni hadi juu, na nje ya kioo bonde lote linaanguka mpaka kwenye mbuga za Wamasai, rangi ya simba. Upande wa pili ni ukuta wa mawe meusi wenye vidirisha vitatu, vyembamba kiasi cha mkono kupita. Katika kila kidirisha kuna kipande cha Mlima Meru. Kipande tu, kama mkate uliokatwa.

Sikuwahi kuona nyumba inayoringa hivyo bila kupayuka.

Halafu nikaona mawe ya chini ya vidirisha.

Chini ya kila kidirisha kuna jiwe moja lililosimama. Mawe mengine yote yamelala ubavu, hilo moja limesimama kama mtu anayesubiri kuitwa. Hakuna mwashi mwingine anayefanya hivyo. Hapa nyumbani lipo chini ya dirisha la jiko. Lipo kwenye uzio wa kanisa. Ukimwuliza Baba kwa nini, anasema mkono wake ndivyo ulivyozoea, na wenzake humtania kwamba akifa watamzika amesimama.

Nilitaka kupiga kelele. Mimi si mtu wa kupiga kelele. Nikasema, "Mjomba, huu ukuta ni wa Baba," kwa sauti ambayo hata mimi mwenyewe sikuisikia vizuri.

"Enhe, andika basi," akasema Mjomba, na akaendelea na simu yake.

Nikasoma maneno ya majaji. Wameandika aya nne kuhusu jambo moja. Wanasema Arusha kila mwenye uwezo hujenga akiutazama Mlima Meru. Watu wanapandishana juu, ghorofa kwa ghorofa, ili kioo kikubwa kiuone mlima. Nyumba hii, wanasema, imekuwa na ujasiri wa kuugeuzia mlima mgongo. Inaukinga upepo unaoshuka usiku, na mlima inaupata kwa vipande, kama siri. Chini yake kuna maelezo ya msanifu. Anasema alifikia uamuzi huo baada ya kutafakari kwa muda mrefu.

Nilivutiwa sana. Nataka niseme ukweli: nilivutiwa. Nikaandika kwenye daftari langu "kama siri" na nikapigia mstari.

Nilihitaji vipimo vya vyumba, kwa hiyo nikafungua faili la nyumba. Ndani kuna hati, na chini ya hati kuna michoro iliyogongwa muhuri, ile ya kuombea kibali cha ujenzi. Nikakunjua karatasi ya sebule.

Nilishawahi kuiona karatasi hiyo.

Si inayofanana nayo. Hiyo hiyo. Sebule kama sanduku refu, maandishi ya Kiingereza yamelala pembeni, kioo kikubwa upande wa chini wa karatasi, vidirisha vitatu upande wa juu. Na kwenye kona, mshale mdogo wenye herufi moja ya kaskazini. Mshale unaelekea chini.

Nikaangalia mchoro, nikaangalia picha. Kwenye mchoro kioo kikubwa kiko upande wa mlima. Kwenye picha kiko bondeni.

Nikakumbuka nilipoiona.

Nilikuwa darasa la sita. Ilikuwa baridi kama sasa. Baba alikuja na karatasi imekunjwa kama mkeka, akaitandaza mezani, akaibana kwa vikombe vinne. Msimamizi wa saiti alikuwa amekwenda msibani Rombo na siku zilikuwa zinapita hajarudi. Injinia alikuwa Dar. Ndiye huyo msanifu; Baba humwita Injinia, kama mafundi wote wanavyomwita yeyote anayekuja saiti na kofia safi. Msingi wa sebule ulikuwa tayari, kuta mbili ndefu zenye urefu sawa, na vibarua walikuwa wamekaa tu. Baba alimaliza darasa la saba na Kiswahili anasoma kuliko walimu wengine, lakini Kiingereza kinamkwepa.

"Mama, njoo unisomee."

Ananiita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake.

Muhula ule nilikuwa nimeongoza Jiografia. Mwalimu wetu alitukaririsha kwa wimbo na kupiga makofi: kwenye ramani, kaskazini ni juu. Nikaweka kidole juu ya karatasi.

"Huku ni kaskazini, Baba."

"Una hakika? Maana mlima ndiko uliko, kaskazini. Dirisha kubwa liko chini ya karatasi. Si litaangalia bondeni?"

"Ndivyo kitabu kinavyosema."

Nikakimbia chumbani kuleta kitabu. Nikamfungulia ukurasa. Nilijisikia mkubwa sana.

Baba akakuna kichwa. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, anamenya ndizi. Alikuwa hai wakati huo. Jiko lake la zamani, kule shambani, lilikuwa limeupa mlima mgongo, bila hata tundu upande huo, kwa sababu Julai upepo wa mlimani huweza kuzima moto uliouwasha tangu alfajiri.

"Sasa mtu mwenye akili," Bibi akasema, "atafungua ukuta mzima kwa mlima ili upepo umwue na wanawe?"

Baba akacheka. "Kumbe huyu Injinia ametuelewa!"

Basi. Kitabu, Bibi na fundi tulikubaliana, na kesho yake Baba akaanza kupanga mawe.

Na mshale niliuona. Hilo ndilo ninaloliwaza tangu saa nne asubuhi. Niliuona kule kwenye kona, mdogo, mzuri, umechorwa kwa wino mwembamba. Nilidhani ni pambo.

"Mjomba," nikasema. "Baba aliacha kazi kwenye hii nyumba kwa nini?"

Mjomba alikuwa na sambusa mdomoni. Akaacha kutafuna.

"Mgongo."

"Mgongo kweli?"

"Profesa, wewe andika tangazo."

"Mjomba."

Sijawahi kumwita kwa sauti ile. Nadhani nilisikika kama Mama. Akaifunika sambusa kwa karatasi yake, akainuka, akafunga mlango.

"Alifukuzwa," akasema. "Injinia alirudi akakuta ukuta umefika usawa wa linta, juu ya madirisha. Nafasi ya kioo iko bondeni, vidirisha viko mlimani. Akamfokea shemeji mbele ya vibarua kama anafukuza mbuzi shambani. Akamwuliza, nani kakusomea ramani? Shemeji akajibu, nimesoma mwenyewe. Akaambiwa, kama umesoma mwenyewe, beba vyombo vyako mwenyewe. Habari ikasambaa saiti zote za juu. Ndipo wakamwita Fundi Kisogo."

Fundi Kisogo.

Miaka mitano nimesikia jina hilo. Vijana wa bodaboda pale njia panda humwita hivyo na yeye huwapungia mkono. Nilidhani ni utani wa wakubwa, na mimi utani wa wakubwa huwa siulizi.

"Mbona hawakubomoa?"

"Walitaka. Siku ya kubomoa yule mama mwenye nyumba akaja. Upepo ulikuwa unashuka, mvumo mtupu. Akaingia ndani ya kuta, akatoka, akaingia tena. Akasema waache, humu ndani kumetulia. Injinia akanywea. Miaka ikapita, uamuzi ukawa wake."

"Na Baba hawakumwita tena?"

"Nani angemkumbuka? Ukuta ulishapata mwenyewe." Akanitazama. "Wewe vipi, mbona umekuwa kama umemeza kaa la moto?"

Sikumwambia. Mpaka sasa ninavyoandika, Mjomba hajui ni nani aliyesoma ile ramani. Akipita hapa atajua. Shikamoo, Mjomba.

Niliomba nakala ya mchoro nikaondoka. Nilitembea kutoka Njiro hadi nyumbani na manyunyu yote. Nimekuwa nikijaribu kukumbuka niliwaza nini njiani, na nakumbuka kitu kimoja tu. Nilihesabu. Nilihesabu vitu tulivyoacha kufanya tangu nikiwa darasa la sita na kila kimoja nilikuwa nimeambiwa sababu yake. Chumba cha tatu ambacho hakikuezekwa: bati zimekuwa mbaya siku hizi. Kaka yangu kwenda kukaa kwa shangazi Moshi: huko shule ni nzuri. Mama kuanza kushona: anapenda kushona.

Mama hapendi kushona. Mama huitukana ile cherehani kwa Kimeru akidhani hatusikii.

Baba hakwenda kazini leo kwa sababu ya mvua. Nilimkuta karibu na jiko anachonga mpini mpya wa nyundo, vipande vya mti vimejaa miguuni.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Umewahi. Leo Mjomba wako kaishiwa uongo?"

Sikuweza kucheka. Nikatoa karatasi ndani ya sweta nikaiweka magotini kwake. Ilikuwa imelowa pembeni.

Akaiangalia. Hakuuliza ni nini. Akaweka kisu chini, akapangusa mikono kwenye suruali, kisha akaizungusha karatasi ile taratibu, taratibu, mpaka mshale ukaelekea dirishani, kwenye ukungu, mahali ambapo mlima ungekuwepo kama ungeonekana. Hakuhitaji kuuona.

Ndipo nikajua kwamba alishajua.

"Ulijua lini?" Nikasahau hata kusema Baba.

"Siku ile ile. Injinia alinionyesha huo mshale. Kwanza kwenye karatasi, halafu akanionyesha hapa." Akagusa kifua chake kwa kidole, mara mbili, kama mtu anayebisha hodi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini?"

"Kwamba nilikufukuzisha kazi."

"Wewe?" Akanitazama kama nimesema jambo la kitoto. "Mlima huo nauona tangu nazaliwa. Nikasimama chini yake na timazi mkononi nikaweka kioo upande wa bonde. Fundi ni nani pale, mimi au mtoto wa darasa la sita?"

"Alikuuliza nani amekusomea. Ungesema."

"Nimwambie mtu mwenye kofia kwamba ramani yake nimesomewa na binti mwenye pengo hapa mbele?" Akacheka kidogo. Halafu kicheko kikamwishia. "Tena ungesikia. Mtaa wenyewe huu. Wangekuimba hadi shuleni. Wewe nakujua, ungefunga mdomo usisome kitu kwa sauti mpaka unazeeka."

Ni kweli. Mwalimu akinisahihisha neno moja tu darasani huwa sinyooshi mkono wiki nzima.

Hapo nikakumbuka jambo, na hili ndilo lililonimaliza kabisa, zaidi ya tuzo, zaidi ya mshale.

Siku chache baada ya Baba kurudi na vyombo vyake vya kazi na habari ya mgongo, aliweka karatasi nyingine mezani, jioni, baada ya chakula. Pakiti ya dawa ya kuku, imeandikwa Kiingereza pande zote. Akaibana kwa kikombe ingawa ilikuwa ndogo. Akaita, "Mama, njoo unisomee." Nikasoma. Vijiko viwili kwa lita tano za maji, wape asubuhi. Akanishukuru. Akaikunja akaiweka mfuko wa shati kama hati ya kiwanja.

Mwaka ule hatukuwa na kuku.

Nimesimama pale jikoni nikalia kama mtoto mdogo, kwa makamasi. Baba hakujua afanye nini na mikono yake, akachukua kisu, akaweka tena chini, mwisho akanipa kikombe chake mwenyewe cha chai kilichobaki nusu.

Nilipotulia nikamsomea maneno ya majaji. Niliyanakili kwenye daftari, nikawa nayageuza Kiswahili huku nasoma. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipofika pale kwamba msanifu aliamua baada ya kutafakari kwa muda mrefu, alicheka mpaka akakohoa.

"Alitafakari huku anarusha kofia!"

Akafuta macho. Kisha akauliza polepole, kama hajali sana:

"Wameandika nani kajenga?"

"Wameandika 'mafundi wa eneo hilo'."

"Mm." Akachukua mpini wake, akaupima kwa jicho moja. "Wameandika kama kuta ziko wima?"

"Hapana, Baba."

"Ziko wima."

Akaendelea kuchonga.

Sijui nijisikieje. Ningekuwa nimeuelewa ule mshale, Baba angekuwa fundi mkubwa na nyumba ile ingekuwa kama nyumba nyingine zote zinazokodolea mlima macho. Sikuuelewa, dunia ikapata kitu kizuri na baba yangu akapata mashimo ya vyoo. Nimejaribu kuwa na hasira na Injinia na hasira inakuja, inakaa vizuri kabisa, halafu naukumbuka wimbo wa Jiografia na makofi yake na hasira inanigeukia mimi. Nimewaandikia majaji barua kichwani mara tatu. Zote tatu nimezifuta. Katika ya kwanza nilimfanya Baba aonekane mjinga, na katika nyingine mbili nilijifanya mimi hodari.

Kilichonishtua kuliko vyote si kosa. Ni jinsi mtu anavyoweza kula meza moja na wewe miaka mitano, akakuombea mtihani, akakununulia kamusi, huku anajua.

Saa kumi na moja nilimaliza tangazo la Mjomba. Nimeeleza paa, kioo, bonde, vidirisha. "Kama siri" nimeiondoa. Mwishoni nikaandika: "Kuta za mawe zimejengwa na Fundi Elisante wa Moshono. Ziko wima." Nikamtumia. Haikupita dakika tano akapiga simu. Mimi simu huwa sipokei, huwa nasubiri ikate halafu naandika ujumbe. Leo nikapokea.

"Profesa, fundi anaingiaje kwenye tangazo? Mtu ananunua nyumba, hanunui shemeji yangu!"

"Basi tangazo lirudishe, Mjomba."

Nilisikia hadi pikipiki zinazopita nje ya ofisi yake.

"Wewe mdomo huo umeutoa wapi leo?"

Hata mimi sijui.

"Haya," akasema mwishowe. "Abaki. Lakini hujaweka mabafu. Nyumba ina mabafu manne, Profesa, watu wanapenda kuoga."

Nikaweka mabafu. Kisha, kabla hajakata, nikamwomba ufunguo wa nyumba ile.

Baba hajawahi kuingia mle tangu siku aliyobeba vyombo vyake. Hajaona paa likikaa juu ya kuta zake. Hajaona kioo. Nilipomwambia kwamba Mjomba atatufungulia kesho baada ya ibada, alisema, "Tukafanye nini huko?" Lakini sasa hivi, wakati naandika, namsikia uani anapiga rangi viatu vya kanisani, na ameshavipiga mara mbili.

Nakala ya mchoro nimeianika juu ya jiko, imekauka, imejikunja kidogo pembeni. Kesho nitaibeba. Nimeamua namna nitakavyofanya. Nitaitandaza katikati ya ile sebule, sakafuni, nitaibana kwa chochote tutakachokuta. Ataniambia nimsomee, najua ataniambia, hawezi kujizuia. Na mimi, kabla sijafungua mdomo kusoma hata neno moja, nitamwuliza kwanza:

Baba, mlima uko wapi?